NANI KASEMA VIONGOZI NI MAFAHALI?

Ndugu wanachama, kila mara mtu anaposimama mkutanoni hapa Majimoto na kuuliza kwa nini uongozi wa taifa wa chama uwekwe kwenye kiti kimoja, mikononi mwa mtu mmoja, tena miaka nenda miaka rudi, hujibiwa kwa methali. Mafahali wawili hawakai zizi moja! Basi watu hucheka, hupiga makofi, na mwenyekiti huita ajenda inayofuata. Methali imeizika hoja kabla haijasemwa.

Leo naomba nafasi katika gazeti letu niijibu methali hiyo. Kwanza nauliza, nani kasema viongozi wetu ni mafahali? Fahali kazi yake ni kupigana na mwenziwe na kulinda majike. Sisi hatukulipa ada za kadi ili tufuge fahali. Kiongozi wa chama ni mtu wa kazi, na hapa Mpimbwe mnyama wa kazi twamjua. Ni maksai. Mvua zikianza, nenda kwenye majaruba ya mpunga ujionee: maksai wawili wamefungwa nira moja, plau iko nyuma yao, na udongo unageuka. Hakuna Msukuma wala Mpimbwe mwenye akili timamu ambaye atamwacha maksai mmoja nyumbani, amfunge mwingine peke yake, kisha ajisifu kwamba amedumisha umoja shambani.

Kuna vyama duniani vilivyoiandika nira hiyo katika katiba zao. Ni vile viitwavyo vyama vya kijani. Tafadhali msomaji asitazame shati la jirani yake. Kwetu mtu akitaja chama cha kijani watu huwaza rangi, kwa kuwa bendera ya TANU ilikuwa ya kijani na nyeusi, na Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, kimevaa kijani na manjano tangu siku hiyo. Mimi nasema vyama vilivyoundwa kwa ajili ya kutetea ardhi, maji, misitu na hewa. Wajumbe wa vyama hivyo kutoka nchi nyingi walikutana Canberra, Australia, mwaka 2001, wakakubaliana hati moja yenye misingi sita, na mmojawapo ni kwamba wananchi washiriki wenyewe katika maamuzi. Sina haja ya kuvitetea kwa kila neno. Mengine wanayohubiri hayatuhusu, na mengine mkulima wa Mpimbwe akiyasikia atacheka. Ninalolitaka kutoka kwao ni moja tu, yaani namna walivyoujenga uongozi wao wa juu.

Lakini kabla ya kwenda Ulaya, tuangalie kwa nini jambo hili latuuma sisi kuliko linavyowauma wao.

Katiba ya nchi yetu ya 1977 yasema kwamba hawezi mtu kugombea Urais wala Ubunge pasipo kuwa mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Someni ibara ya 39 na ya 67. Kisha someni ibara ya 71, mtaona kwamba Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, kiti chake kimekwenda. Marehemu Mchungaji Mtikila aliipinga habari hiyo ya wagombea mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja haki. Hukumu ipo, na katazo lipo.

Maana yake ni nini kwa mtu wa Majimoto? Maana yake ni kwamba mlango wa kuingia Bungeni una bawabu, na bawabu huyo ni uongozi wa taifa wa chama. Wao ndio hupitisha jina, wao ndio hulikata, na wao wakimvua mtu uanachama wamemvua na ubunge, hata kama wananchi waliompigia kura walifika elfu ishirini. Katika nchi ambayo mtu aweza kugombea kwa jina lake mwenyewe, ubovu wa uongozi wa chama ni hasara ya chama. Kwetu ubovu huo ni hasara ya raia wote, wenye kadi na wasio na kadi. Halafu twaambiwa ati jinsi uongozi wa juu unavyopangwa ni jambo la wakubwa, sisi wa matawini tuhangaike na ada na bendera!

Sasa twende kwa Wajerumani. Chama cha kijani cha Ujerumani Magharibi kiliundwa mjini Karlsruhe mwezi Januari 1980. Waliokiunda walikuwa watoto wa nchi iliyokwisha kuona ni nini huwapata watu wanapomfuata mtu mmoja aitwaye Kiongozi. Wakakataa kabisa kuwa na mwenyekiti mmoja. Wakaweka wasemaji watatu wa chama walio sawa, ambao baadaye walipunguzwa wakawa wawili. Mwaka 1986 wakaandika kwamba nusu ya nafasi ni za wanawake. Na juu ya hayo wakaweka sharti ambalo ndilo nataka tulitie maanani zaidi: aliye na kiti cha serikali au cha Bunge asikalie kiti cha uongozi wa chama. Chagua kimoja.

Sharti hilo lina akili ya mwalimu. Mimi nimepita chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa mapema kwamba mtahiniwa hapewi kalamu nyekundu. Kazi ya serikali ni kutenda, na kazi ya chama ni kuipima serikali kwa ahadi ambazo chama kiliwapa watu. Ukimweka mtu mmoja awe serikali na awe chama, umempa karatasi yake aisahihishe mwenyewe. Atajipa mia kwa mia, na wala simlaumu, kwani ni nani angejipa arobaini?

Najua wapo watakaosema kwamba Wajerumani hao walishindwa. Ni kweli, kwa sehemu. Walipoingia Bungeni mara ya kwanza mwaka 1983 walikuwa wameweka na zamu, kwamba baada ya miaka miwili kila mbunge ampishe mwenziwe. Zamu ile haikufaa. Mtu alikuwa akianza kuzijua kanuni za Bunge ndipo anaambiwa ashuke, na Petra Kelly, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alikataa kushuka. Mwaka 1990 wale wa upande wa magharibi wakatupwa nje ya Bunge kwa kukosa asilimia 5 za kura, na mwaka uliofuata wakaizika zamu. Lile sharti la kutenganisha viti nalo walilegeza: mwaka 2003 wanachama walipiga kura wakakubali sehemu ndogo ya kamati kuu iweze kuwa na wabunge, na mwezi Januari 2018, mjini Hannover, wajumbe walibadilisha katiba ili Robert Habeck, aliyekuwa waziri wa jimbo, aweze kuingia uenyekiti na kubaki na uwaziri kwa miezi minane tu, apate kukabidhi.

Miezi minane! Ili mtu mmoja ashike viti viwili kwa miezi minane, ilibidi mkutano mzima ukae, ujadili na kupiga kura. Hilo ndilo linalonipendeza, maana walilegeza sharti mchana kweupe, mbele ya wajumbe, na kwa muda uliopimwa. Hakuamka mtu asubuhi akakuta kofia ya pili imekwisha wekwa kichwani.

Waingereza nao huletwa kama ushahidi dhidi yetu. Chama cha kijani cha Uingereza na Wales kilikaa miaka mingi bila kiongozi mmoja, kikiwa na wasemaji wakuu wawili tu, mpaka mwaka 2007 wanachama walipopiga kura na asilimia 73 kutaka kiongozi. Mwaka 2008 wakamchagua Caroline Lucas. Sawa. Lakini ni nani aliyeamua? Waliamua wenye kadi, mmoja mmoja, kwa karatasi ya kura. Na yule yule Caroline Lucas mwaka 2016 alirudi kugombea pamoja na mwenziwe, Jonathan Bartley, washike kiti kimoja wawili, na wanachama wakawapa. Zizi halikubomoka.

Nami sitaki kuwadanganya wenzangu. Viti viwili vyaweza kuwa kambi mbili. Hao Wajerumani kwa muda mrefu waligawana viti vile kati ya waliotaka kuingia serikalini na waliotaka kubaki wapinzani siku zote, kila upande na mtu wake, na magomvi yao yalijaza magazeti. Lakini magomvi yale yalikuwa ndani ya nyumba, wenye nyumba wakiyasikiliza. Palipo na kiti kimoja magomvi hayapungui hata kidogo. Hujificha, na siku yakitoka hutoka na ukuta. Tazameni Chama cha Demokrasia na Maendeleo. Freeman Mbowe alikikalia kiti cha mwenyekiti tangu 2004. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda kwa kura 513 dhidi ya 482. Nampongeza aliyeshindwa kwa kukubali matokeo, si jambo tulilolizoea. Lakini nusu ya ukumbi, ukiondoa watu wachache, ilikuwa imepoteza kila kitu kwa usiku mmoja, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Mwezi Mei mwaka huo huo kundi la waliokuwa viongozi wakafungasha wakahamia CHAUMMA. Watu 482 si wahaini wala si wajinga. Ni wanachama ambao katiba yao haikuwaachia hata kigoda.

Sasa nije kwenye neno ambalo hutumiwa kama rungu: ati haya ni mambo ya Wazungu, tumeyaokota vitabuni. La hasha! Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita baada ya bendera yetu kupanda, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu wa Tanganyika. Akamwachia Rashidi Kawawa serikali, naye akaenda kukijenga chama. Na sababu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa na macho. Uhuru ulipokuja watu hodari wa TANU walikwenda serikalini, ofisi za chama zikabaki na vumbi, na wananchi wakawa hawana wa kumwuliza. Mwalimu aliona kwamba chama kikigeuka kuwa mlango wa nyuma wa serikali kimekufa. Desemba mwaka huo alirudi akiwa Rais, na mtu aweza kubishana kama kazi ile ilikamilika katika miezi michache, lakini hawezi kubisha kwamba ilifanyika. Wakati huo Ulaya haikuwa na chama cha kijani hata kimoja.

Tena ikafanyika mara ya pili. Kuanzia Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais, na Mwalimu akabaki Mwenyekiti wa chama hadi Agosti 1990. Karibu miaka mitano Rais alikuwa huyu na Mwenyekiti alikuwa yule. Walitofautiana, hasa katika mambo ya uchumi, na nchi haikupasuka. Baada ya hapo kofia mbili zilirudi juu ya kichwa kimoja, ukiacha ile miezi michache ya kupokezana kila Rais mpya anapoingia, na desturi ikageuka kana kwamba ni amri iliyoshuka mlimani. Vijana wa rika langu wamekulia humo, hata wadhani haijapata kuwa vinginevyo.

Na sheria yetu wenyewe yasemaje? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 yataka chama kikitaka usajili wa kudumu kiwe na viongozi wa taifa wanaotoka Tanzania Bara na Zanzibar pia. Maana yake Bunge lilikwisha kukiri kwamba macho ya upande mmoja hayatoshi kuiona nchi nzima. Wala hakusimama mtu kusema habari za mafahali siku ile. Kama upande wa Bara na upande wa Visiwani waweza kukaa meza moja kwa amri ya sheria, kwa nini mwanamume na mwanamke wasikae kwa amri ya katiba ya chama? Tangu 1955 Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU, na kadi za wanawake wa Dar es Salaam, wapika vitumbua na wauza pombe, ndizo zilizokijaza chama wakati wanaume wengi wenye kazi za serikali wakikatazwa kujiunga. Alikokota nira sawasawa na wanaume. Kiti cha juu hakikuandikwa jina lake.

Basi na vyama vya kijani vya Afrika Mashariki je? Hapa ndipo penye uchungu, nami nitakaa kidogo.

Wangari Maathai wa Kenya twamheshimu. Alianzisha harakati ya Mkanda wa Kijani mwaka 1977. Mwaka 1989 alisimama peke yake kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na miaka kumi baadaye alipigwa akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipata Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, na kufikia wakati huo wanawake wake walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30. Ukitaka kujua siri yake, siri ilikuwa vikundi. Kila kikundi cha wanawake kilikuwa na kitalu chake na hesabu yake, na mmoja akiugua mwingine alimwagilia. Hicho ndicho nakiita uongozi.

Lakini katika siasa mama huyu hakujengewa vikundi. Mwaka 1997 aligombea Urais kwa chama kidogo, akapata kura chache mno. Mwaka 2002 aliingia Bungeni kutoka Tetu kwa asilimia 98 za kura, ndani ya muungano mkubwa wa NARC, akawa waziri msaidizi wa mazingira. Chama chake cha Mazingira kikawepo, lakini kwa watu wengi chama kilikuwa yeye na yeye alikuwa chama. Uchaguzi wa 2007 ulipofika, waliotafuta tiketi za chama cha Rais walimwangusha katika kura za mchujo. Ndipo akarudi kwenye chama chake mwenyewe, na kiti kikapotea. Alifariki Septemba 2011. Vitalu vya miti vilibaki na vingali vinamwagiliwa. Chama hakikupata tena sauti iliyosikika nje ya Kenya. Mti alioupanda kwa vikundi ulishika mizizi, na ule uliopandwa kwa jina lake peke yake ulinyauka. Ni mikono ile ile, na udongo ule ule.

Rwanda ni habari nyingine, yenye damu. Chama cha Kijani cha Kidemokrasia kiliundwa Agosti 2009, mwenyekiti wake akiwa Frank Habineza. Julai 2010, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Rais, makamu wake, André Kagwa Rwisereka, alikutwa ameuawa karibu na Butare. Habineza akaenda uhamishoni Sweden, akarudi mwaka 2012, na chama kikasajiliwa Agosti 2013. Mwaka 2017 aligombea Urais akapata chini ya asilimia 1. Mwaka 2018 chama kilipata viti viwili Bungeni. Mwaka 2024 aligombea tena Urais, akapata tena chini ya asilimia 1. Kumlaumu mtu aliyepitia hayo, mimi niliye hapa Majimoto na usingizi wangu, sitaki. Wapo watakaosema, unaona, hata wawili walipigwa, mmoja kaburini na mmoja ng'ambo, viti viwili vilisaidia nini? Nami nawajibu kwamba huo ndio ushahidi wangu. Chama kilichokaa karibu miaka miwili kikimngoja mtu mmoja arudi, na miaka kumi na mitano baada ya kuzaliwa bado mgombea wake ni mtu yule yule, kimejengwa juu ya uhodari wa mtu. Uhodari ni kitu kizuri, lakini haurithishwi kwa mihtasari ya vikao.

Vyama hivyo viwili vilichukua rangi na maneno ya wenzao wa ng'ambo, na nira wakaiacha huko huko.

Nirudi nyumbani, msije mkasema organaiza wetu amehamia Kigali. Mto Katuma mnaujua. Hupita kwenye mashamba ya mpunga, ukaingia Hifadhi ya Katavi kule Sitalike, ukalisha ziwa Katavi na ziwa Chada, kisha ukashuka huku kwetu kwa jina la Kavuu mpaka ziwa Rukwa. Maji hukingwa juu kwa ajili ya majaruba, na sisi wa huku ni wakulima pia, tusijifanye malaika. Lakini kiangazi kikikaza, kilichobaki hifadhini ni vidimbwi vya matope, na viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, picha zao zikiuzwa ulimwenguni kote. Mama wa Mpimbwe naye yuko na ndoo yake, ila yeye hapigwi picha. Nani agawe maji haya? Mkulima wa juu, mkulima wa chini, mfugaji na hifadhi, kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana wizara yake. Jambo la namna hiyo haliamuliwi na tawi, wala na wilaya. Lazima lipande juu.

Basi hupanda. Tawi huandika, wilaya hugonga muhuri, mkoa husoma, na barua huenda taifani. Sasa katika chama chochote kinachotawala, au kinachotaka kutawala kesho, kama mkuu wa chama ndiye mkuu wa serikali, na wajumbe wa kamati kuu ndio mawaziri wa hayo maji, kilimo na maliasili, barua yetu imetoka mfuko wa kushoto ikaingia mfuko wa kulia wa koti lile lile. Chama chamwuliza nani? Chajiuliza. Na kikijiuliza chajijibu kwamba mambo ni mazuri.

Mtu ataniambia, lakini ninyi wa Mpimbwe mlipata kuwa na mtu wenu juu kabisa. Kweli, Mzee Mizengo Pinda, wa Kibaoni hapo jirani, alikuwa Waziri Mkuu tangu Februari 2008 hadi 2015, na ni katika miaka yake, 2012, Katavi ilipata kuwa mkoa. Twamshukuru. Lakini mtu wako kuwa juu ni bahati, kama mvua ya mapema. Mkulima hapangi mwaka wake kwa mvua ya mapema. Miaka yake imekwisha, na barua zetu zingali zinahitaji njia.

Limebaki jambo moja dogo, ambalo kwangu si dogo. Chama cha kijani cha New Zealand kimekuwa na viongozi wawili tangu 1995, na kila mwaka hurudi kwa wajumbe kuomba kura, hata kama hakuna anayewapinga. Mwezi Julai 2022 kiongozi mwenza, James Shaw, waziri wa mabadiliko ya tabianchi, alikuwa mgombea pekee. Zaidi ya robo ya wajumbe wakasema nafasi ifunguliwe upya, na kwa katiba yao robo yatosha. Akashuka. Hakulia fitina wala hakutafuta msaliti. Alizunguka kwa wanachama, akasikiliza manung'uniko, akagombea tena, na Septemba wakamrudisha. Katika wiki zile chache mwenziwe Marama Davidson alikuwepo, kazi haikusimama hata siku moja.

Kwetu mgombea akiwa pekee husemwa amepita bila kupingwa, watu wakapiga makofi, ngoma ikapigwa, imekwisha. Nimeyaona mahali nisipopataja: fomu moja ilitolewa, fomu moja ikarudi, na aliyetaka kuchukua ya pili aliambiwa karani amesafiri. Je, huo ni urithi wetu? Kuanzia 1965, katika enzi ya chama kimoja, mgombea pekee wa Urais alipelekwa kwa wananchi wapige ndiyo au hapana, na zilikuwepo hapana, zikahesabiwa na kutangazwa. Ikiwa Mwalimu alikubali kuhesabiwa hapana zake na nchi nzima, ni kiongozi gani leo aliye mwororo hata asiweze kuhesabiwa hapana na wajumbe mia tano ukumbini?

Watu wa gharama nimewasikia pia. Ati viti viwili ni magari mawili, posho mbili, ofisi mbili. Nawajibu kwa ufupi: gawanyeni gari hilo hilo. Kama kiti cha uongozi hakikaliki bila gari lake peke yake, basi tumekwisha kuujua ugonjwa.

Hoja ya Majimoto tumeiandika kwa Kiswahili chepesi, nusu ukurasa. Yataka uenyekiti wa taifa wa chama ushikwe na watu wawili walio sawa, mwanamume na mwanamke, kwa vipindi viwili visivyozidi miaka mitano kila kimoja. Yataka anayeapishwa kuwa Rais, Waziri Mkuu au Waziri akabidhi kiti cha chama ndani ya miezi sita. Na yataka mgombea pekee wa ngazi yoyote, kuanzia tawi, apigiwe kura ya siri ya ndiyo na hapana, robo ya hapana ikitosha kuifungua fomu upya. Tumeanza na tawi makusudi, ili mtu asije akasema twataka kuwanyoa wakubwa huku nywele zetu tumezifunika kilemba.

Kwa katiba yetu hoja ya kurekebisha katiba hutoka tawini, ikapitia wilaya na mkoa, na katibu wa ngazi yoyote hana mamlaka ya kuikalia. Kama imekaliwa mahali, twaomba tuambiwe kwa maandishi ni wapi na ni kwa kifungu gani. Wenzetu wa Kibaoni, Usevya na Mamba wanaotaka nakala waje wachukue hapa Majimoto, ofisi ya tawi, siku yoyote isipokuwa siku ya mnada. Waje na mihuri yao. Mvua zikianza njia itaharibika, na wajumbe wa mkoa lazima wawe nayo mkononi kabla hawajapanda gari kuvuka hifadhi kwenda Mpanda.